Bima kwa mwenye duka, nyumba ya wageni na familia Zanzibar: mwongozo kamili, kuanzia fomu hadi fidia

Watu wengi Unguja na Pemba hukata bima kwa sababu trafiki anaitaka, benki inaitaka, au mshirika wa biashara ameisisitiza. Hulipa, hupewa karatasi, na karatasi huingia kabatini. Siku jiko la nyumba ya wageni linaposhika moto ndipo mkataba unasomwa kwa mara ya kwanza, na mwenye mali anagundua sharti ambalo hakuwahi kulijua. Mwongozo huu umesimama juu ya jambo moja: dai la bima linashinda au linashindwa siku ya kujaza fomu, kabla janga halijatokea. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ni ya mwanzo, wakati kila kitu bado kizima na hakuna mwenye haraka.

Hatua ya 1: Andika kinachoweza kukuangusha

Usianze kwa kuuliza bei ya bima. Chukua daftari na uandike tukio gani, likitokea mara moja tu, litafunga biashara yako au kuitoa familia nyumbani. Yapo matukio yanayouma lakini yanabebeka: simu kuibiwa, friji kuungua, mlango kuvunjwa. Na yapo yanayomaliza: moto, mgeni kuumia vibaya kwako akadai fidia, mfanyakazi kufariki kazini, mtafutaji wa familia kuugua mwaka mzima. Bima ni ya kundi la pili. La kwanza liandalie akiba.

Kwetu orodha ina sura yake. Paa la makuti Nungwi, Kendwa, Paje au Jambiani likishika moto wakati wa upepo wa kusi, zimamoto hukuta majivu, na cheche zinaruka hadi kwa jirani. Mvua za masika, kati ya Machi na Mei, huingiza maji majumbani katika maeneo ya bondeni ya mjini. Ufukweni bahari inakula mchanga mwaka hadi mwaka. Pemba, mwenye mashamba anajua kuwa mchumaji akiteleza kwenye mkarafuu wakati wa msimu hadithi inaweza kuishia hospitali ya Chake Chake, au pabaya zaidi. Na sote ni watu wa visiwani: saruji, nondo, unga, friji na nguo za Idi vyote vinakuja kwa chombo.

Vimbunga havitufikii mara kwa mara, lakini hatuko nje ya njia yake. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyobeba zao hilo. Mwanzoni mwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani ya Tanzania, safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zilisimamishwa. Ukiandika hatari zako, usiache safu ya upepo na bahari tupu.

Mbele ya kila hatari andika mambo mawili: hasara kubwa kabisa inaweza kufika kiasi gani, na wewe unaweza kubeba kiasi gani bila kuuza kiwanja au kumtoa mtoto skuli. Tofauti ya hapo ndiyo unayoitafutia bima.

Hatua ya 2: Punguza kabla ya kununua

Kuna watu wanadhani wakishakata bima basi ulinzi umekwisha. Mkataba wenyewe unadai kinyume chake: unakutaka utunze mali kana kwamba huna bima, na ukizembea kampuni ina sababu ya kupunguza au kukataa malipo.

Mtungi wa gesi utoke jikoni ukae nje, kwenye banda lenye hewa, na mpira wake ubadilishwe kabla haujapasuka. Waya za umeme zikaguliwe na fundi mwenye leseni, na risiti yake uiweke. Penye makuti, jiko lisiwe chini ya paa hilohilo. Acha nafasi kati ya banda na banda, na weka bomba la maji lenye msukumo linalofika hadi kileleni. Mitungi ya kuzimia moto iwe na tarehe ya ukaguzi inayosomeka, na wafanyakazi wawe wameishika mikononi angalau mara moja. Omba Kikosi cha Zimamoto na Uokozi waje kukagua, na cheti chao kihifadhi. Siku ya dai kitauliziwa.

Dukani, fedha za mauzo zisilale. Godauni likae na mbao chini ya magunia ili maji yakiingia yasikute mchele sakafuni. Bidhaa zikae mbali na dirisha. Mambo haya madogo hushusha ada, lakini faida yake kubwa ni kuwa yanazuia hasara ambayo hakuna fidia itakayoirudisha yote.

Hatua ya 3: Maliza ya lazima kwanza

Gari. Bima ya mtu wa tatu, ile tunayoiita bima ndogo, ni lazima kwa kila chombo kinachotembea barabarani. Inamlinda uliyemgonga na mali yake. Gari yako mwenyewe haitengenezi. Bima kubwa ndiyo inayoangalia gari yako pia, kwa ajali, moto na wizi.

Hapa pana tatizo linalowaumiza watu wengi wa ukanda wa utalii. Gari au vespa imekatiwa bima ya matumizi binafsi, kwa sababu ada yake ni ndogo, kisha inakodishwa kwa wageni kila siku. Ikipata ajali mgeni akiwa usukani, kampuni inasoma neno “binafsi” kwenye mkataba na mazungumzo yanaishia hapo. Vivyo hivyo gari ya familia inayobeba abiria kwenda uwanja wa ndege kwa malipo. Waambie matumizi halisi, lipa ada ya matumizi hayo, na kila anayekodi hakikisha ana leseni inayokubalika hapa, piga picha yake na uiweke.

Wafanyakazi. Kazi na ajira si jambo la Muungano, kwa hiyo usichukue mwongozo wa Bara ukauweka hapa kama ulivyo. Mfuko wa fidia kwa wafanyakazi wa Bara, WCF, ni wa Bara. Zanzibar ina sheria yake ya fidia, na mfanyakazi akiumia kazini mwajiri ndiye anayewajibika kwake. Mwenye hoteli, mkandarasi na mwenye karakana wanunue bima ya fidia kwa wafanyakazi na wasiiahirishe hadi msimu ufunguke. Mwenye mashamba ya karafuu anayechukua wachumaji wa msimu anaweza kukata bima ya ajali ya kundi kwa miezi ya mavuno tu. Ajira ya miezi miwili haipunguzi maumivu ya kuvunjika mguu.

Kisha Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ZSSF. Unawahusu pia waajiriwa wa sekta binafsi, na mchango unatoka kwa mwajiri na mfanyakazi. Mafao yake si pensheni ya uzeeni peke yake: kuna ulemavu, warithi na uzazi. Kwa mfanyakazi, ushauri wangu ni kuomba taarifa ya michango kila baada ya miezi michache. Kukatwa kwenye mshahara na mchango kufika ZSSF ni vitu viwili tofauti, na pengo likigunduliwa mapema linazibika. Aliyejiajiri, awe fundi, muuza samaki wa Darajani au mkulima wa mwani wa Jambiani, anaweza kujiunga na mpango wa hiari wa mfuko huohuo na kuchangia kwa kadiri ya kipato chake.

Afya ina mfuko wake pia. Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ZHSF, ulianza na watumishi wa umma mwaka 2023, kisha ukaingia sekta binafsi iliyo rasmi. Mwajiri aulize ofisi yao namna ya kusajili, na mfanyakazi ahakikishe majina ya mke au mume na watoto yameandikwa sawasawa na vyeti. Herufi moja iliyokosewa inaweza kumsimamisha mgonjwa dirishani.

Hatua ya 4: Chagua ya hiari kwa mpangilio wa ukubwa wa pigo

Hakuna anayeweza kununua kila kitu. Kwa biashara ya ukubwa wa kati, mpangilio wangu ni huu: moto na majanga yanayoambatana nayo, kisha dhima kwa watu wengine, kisha mizigo ya baharini kama unaagiza, kisha wizi, na mwisho fedha taslimu na vioo.

Dhima inasahauliwa mno. Mgeni akiteleza kwenye ngazi yenye maji, mtoto wa mteja akizama kwenye bwawa, au wageni wakaumwa kwa chakula cha jioni, anayedaiwa ni wewe. Baadhi ya wenye nyumba za wageni wanaamini kuwa bima ya lazima ya wageni wa kigeni, iliyoanza tarehe 1 Oktoba 2024 na kutolewa na Shirika la Bima la Zanzibar kwa dola 44, imewatua mzigo huo. Haijawatua. Bima ile ni ya mgeni: matibabu yake, kusafirishwa akiumwa, mizigo yake kupotea. Haikulipii wewe ukishtakiwa kwa uzembe.

Mizigo ya baharini ina maswali yake. Muulize wakala wako wa bima: inaanzia wapi, kwenye godauni la Dar es Salaam au bandarini? Inaishia wapi, Malindi au dukani kwako? Mzigo ukiwekwa sitahani unalindwa, au ni ule wa ndani ya chombo tu? Ukiletwa kwa jahazi badala ya meli, mkataba bado unashika? Majibu yote yawe kwa maandishi. Kama uko Pemba na mzigo wako unapita Unguja kisha unapakiwa upya kwenda Wete au Mkoani, mguu wa pili wa safari nao utajwe.

Kuna hasara ambazo bima ya kawaida haizigusi, na ni vizuri kuzijua mapema. Kuanzia Desemba 2009 Unguja ilikaa takriban miezi mitatu bila umeme wa gridi kwa hitilafu kwenye mfumo wa waya unaotoka Bara. Wenye mahoteli walichoma dizeli mchana na usiku, wenye samaki wakakosa barafu. Bima ya kusimama kwa biashara hulipa pale mali yako yenyewe iliyo kwenye bima inapoharibika kwa janga lililotajwa. Umeme kukatika mjini kote si hilo, isipokuwa umelinunulia kipengele chake. Hatari ya aina hii jibu lake ni jenereta, sola, na akiba ya gharama za miezi mitatu.

Kuhusu takaful, yaani bima inayofuata sharia ya Kiislamu. Wapo wanaokwepa bima kwa sababu ya dini, na wasiwasi wao unastahili jibu la maana: riba, kutokuwapo uwazi katika mkataba, na kitu kinachofanana na kamari. Katika takaful wachangiaji wanaweka fedha kwenye mfuko wa kusaidiana kwa nia ya kuchangia, mwendeshaji anausimamia kwa ada inayojulikana, uwekezaji unakwenda kwenye mambo ya halali, na ziada ikibaki inagawiwa kwa utaratibu uliokubaliwa. Shirika la Bima la Zanzibar, lililoanzishwa mwaka 1969, sasa linatoa takaful pia. Uliza jina la bodi ya sharia inayosimamia, ada ya mwendeshaji ni asilimia ngapi, na ziada inagawiwaje. Lakini fahamu kuwa takaful nayo ina fomu, ina masharti, na inakataa dai lenye maelezo ya uongo.

Hatua ya 5: Pata thamani sahihi

Hapa ndipo fedha nyingi zinapotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua nyumba ya wageni ya vyumba vinane pale Jambiani. Kuijenga upya leo, kwa bei ya leo ya saruji na nondo pamoja na nauli ya boti, ni shilingi milioni 200. Mwenyewe ameandika milioni 120 kwenye fomu ili ada iwe ndogo. Moto unaunguza vyumba viwili, hasara milioni 50. Anadhani kwa kuwa 50 ni ndogo kuliko 120 atalipwa zote. Halipwi zote. Mkataba una sharti la uwiano: amekatia bima asilimia 60 ya thamani, basi atalipwa asilimia 60 ya hasara, yaani milioni 30. Ikiwa kuna kiasi cha kujibebea mwenyewe, tuseme milioni 2, kinaondolewa, inabaki 28. Milioni 22 zinatoka mfukoni mwake, kwa ajili ya akiba ndogo aliyoifanya kwenye ada.

Kinyume chake nacho ni hasara. Ukiandika milioni 350 hutalipwa zaidi ya ulichopoteza. Umelipia hewa tu.

Kwa jengo, andika gharama ya kulijenga upya, wala si bei ya kuliuza. Kiwanja hakiungui, kwa hiyo thamani ya ardhi ya ufukweni iondoe. Ongeza gharama ya kusafisha kifusi na ya mchoraji wa ramani. Rudia hesabu kila mwaka kwa kumuuliza mkandarasi, kwa sababu bei za vifaa hazikai.

Kwa duka, andika bidhaa za siku uliyojaza zaidi. Mwenye duka la nguo Darajani anaweza kuwa na mali ya milioni 30 mwezi wa kawaida, na milioni 80 Shaaban anaposhusha shehena ya Idi. Akiandika 30, moto ukimkuta Ramadhani ameshapunjwa tayari kwa sharti lile la uwiano. Mwambie wakala kuwa mali yako inapanda na kushuka. Upo utaratibu wa kutoa taarifa ya mali kila mwezi au kuongeza kiwango kwa msimu.

Nyumba za Mji Mkongwe zina jambo la pekee. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, dari za boriti: fundi wake si wa matofali, na gharama yake ni nyingine kabisa. Tena bima inalipa tukio la ghafla, hailipi kuchakaa. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib ilianguka, na kila anayekaa jirani na kuta za zamani alipata la kufikiri. Ukuta ulioloa miaka kumi ukianguka, mtathmini wa hasara ataandika “uchakavu”. Matengenezo hapo ndiyo bima.

Uliza pia: nyumba ni ya nani? Huwezi kukatia bima kitu ambacho kikiungua wewe hupotezi chochote kisheria. Ukiwa mpangaji wa nyumba ya wakfu au ya serikali, kata bima ya vitu vyako na ya dhima yako kwa jengo, na umuulize mwenye jengo kama lenyewe lina bima. Nyumba ya urithi yenye ndugu saba, watatu Muscat, mmoja London, inahitaji warithi wakubaliane kwa maandishi nani anakata kwa niaba ya wote na fidia itakwenda wapi. Bila hivyo fedha zinaweza kukwama mahakamani wakati paa liko wazi.

Hatua ya 6: Jaza fomu mwenyewe

Wakala mwema atakusaidia. Lakini usisaini fomu tupu ili “aimalizie ofisini”. Majibu yaliyomo ni yako, hata kama mkono ulioandika ni wake, na jibu moja la uongo kwenye jambo zito linaweza kubatilisha mkataba mzima.

Yaseme haya bila kuulizwa mara mbili: paa ni makuti hata kama ni sehemu tu, kuna jiko la mkaa, jirani ana karakana ya kuchomelea, ulishawahi kupata moto au wizi, kampuni nyingine ilishawahi kukukataa, ghorofa ya juu inakodishwa kwa wageni. Kwa bima ya afya au maisha, taja sukari na presha. Watu huficha wakiogopa ada kupanda. Ada itapanda kweli, pengine. Lakini bima ya bei ndogo isiyolipa ni ghali kuliko zote.

Kabla ya kusaini, soma sehemu tatu, hata kama nyingine utaziruka: vitu visivyolindwa, masharti unayopaswa kuyatimiza kila siku, na muda wa kutoa taarifa ya hasara. Mkataba ukisema pawe na mlinzi usiku au king'ora kinachofanya kazi, basi siku mlinzi hayupo bima ya wizi nayo haipo. Kama Kiingereza cha mkataba ni kigumu, mtake wakala akueleze kwa Kiswahili na akuandikie barua pepe yenye maelezo hayo. Hiyo ni haki yako ya kuelewa unachonunua.

Hatua ya 7: Lipa mahali sahihi, hakiki siku hiyohiyo

Lipa kwa namba ya malipo ya kampuni au benki, na usilipe kwenye simu binafsi ya mtu. Bima haianzi kwa ahadi. Inaanzia malipo yanapofika. Kisha hakiki. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, inasimamia bima Bara na Zanzibar chini ya Sheria ya Bima namba 10 ya mwaka 2009, na mfumo wake wa mtandaoni unakuwezesha kuangalia stika kwa namba ya usajili wa gari. Jina, namba ya chesisi, aina ya matumizi na tarehe ya mwisho vilingane na ulivyosema. Kosa ukiliona leo linasahihishwa kwa simu moja.

Ukikatiwa bima kupitia benki kwa sababu ya mkopo, uliza fidia inamlipa nani. Mara nyingi inalipa deni la benki tu. Ukifariki mkopo unafutwa, lakini familia haipati shilingi. Kama unataka familia ibaki na kitu, hiyo ni bima nyingine.

Weka nakala tatu za kila kitu: moja nyumbani, moja kwenye simu au barua pepe, moja kwa mtu wa familia anayeishi kwingine. Mali bila daftari hupotea bila habari, wahenga walisema, na mtathmini atataka daftari hilo. Piga video ya kila chumba, fungua makabati, soma kwa sauti namba za friji na kiyoyozi. Rudia kila miezi sita. Risiti za karatasi ya mashine hufifia kwa joto letu, zipige picha siku unapozipata.

Hatua ya 8: Siku ya janga

Okoa watu kwanza. Kisha zuia hasara isiongezeke: zima umeme, funika paa kwa turubali, hamisha mali iliyopona. Usiogope kuwa utaharibu dai. Mkataba unakutaka ufanye hivyo, na gharama zake za halali uzidai. Usitupe vitu vilivyoungua wala kuanza kujenga kabla mtathmini hajaja.

Piga picha nyingi, za mbali na za karibu. Saa hizohizo toa taarifa kwa kampuni, kwa simu na kisha kwa maandishi, na ubaki na ushahidi wa muda uliotuma. Moto: ripoti ya zimamoto. Wizi au ajali: ripoti ya polisi. Mafuriko: barua ya sheha inasaidia kuthibitisha tukio lilitokea shehiani kwako tarehe ile. Mzigo ulioloa: andika uharibifu kwenye hati ya kupokelea kabla hujasaini bandarini, kwa sababu ukisaini “umepokelewa salama” umejifungia mlango.

Kwenye ajali ya gari usikubali kosa barabarani, wala usimwahidi mtu fedha, hata kwa nia njema ya kuyamaliza kiungwana. Mikataba karibu yote inakataza, na ahadi yako inaweza kuiondolea kampuni wajibu. Msaidie majeruhi, mpeleke hospitali, mpe pole, wasiliana na kampuni.

Orodha ya hasara iandike kitu kwa kitu: jina, mwaka ulionunua, bei, risiti kama ipo, picha kama ipo. “Vyombo vya jiko, milioni 3” itakatwa. “Jiko la gesi la mafiga sita, 2022, risiti namba fulani” ni vigumu kulikata. Usiongeze hata kijiko ambacho hakikuwapo. Chumvi kidogo ikigundulika inaweza kuangusha dai lote la haki.

Mtathmini anatumwa na kampuni. Mheshimu, mpe ushirikiano, tembea naye, na kila mnachokubaliana mwandikie ujumbe siku hiyo. Ukiletewa hati ya kukubali malipo, soma kama inasema ni malipo ya mwisho. Ukishaisaini, kurudi nyuma ni kazi ngumu.

Hatua ya 9: Wakikataa au wakikawia

Omba sababu kwa barua, ikitaja kifungu cha mkataba. Kukataliwa kwa mdomo hakuna cha kukijibu. Fungua kifungu hicho, kisome mara mbili, kisha andika jibu la ukurasa mmoja ukiambatanisha ushahidi, na ulielekeze kwa mkuu wa madai wa kampuni. Madai kadhaa hugeuka hapa tu, kwa sababu sasa faili lina hoja ndani yake.

Likishindikana, peleka malalamiko TIRA, ambao wana ofisi Zanzibar, au kwa Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Peleka nakala: mkataba, risiti ya malipo, taarifa ya hasara, ripoti, barua ya kukataliwa na jibu lako, zikiwa zimepangwa kwa tarehe. Nyuma ya hapo ipo mahakama, lakini ni ndefu na ya gharama, na mikataba mingine inataka usuluhishi kwanza.

Angalia tarehe za mkataba wako usiku wa leo. Kama bima inaisha ndani ya siku 30 zijazo, rudi hatua ya 5 kabla ya kulipa upya: thamani ya mwaka jana si ya mwaka huu, na fomu ya kuhuisha nayo ni fomu. Ulichojenga, ulichokodisha na ulichobadilisha tangu mwaka jana kiandike humo.